Kifuniko Kinachobonyea

4 Februari

Mdogo wangu Rula,

Ulisema nisikupigie simu mzigo wangu ukiwa ofisini kwenu, kwamba mkaguzi haongei kwa simu na mwenye mzigo hata kama wamenyonya ziwa moja. Haya, naandika. Barua utaisoma nyumbani, mkeo akiwa kando, na sidhani mkubwa wako atakuja kuchungulia dirishani.

Shida yangu ni vifuniko. Unajua tumepata oda ya jamu ya mapera kwenda ng'ambo, ya kwanza tangu nianze kiwanda hiki. Mnunuzi amesema mzigo huu ukifika salama atachukua jamu yetu mwaka mzima. Chupa tunazo, sukari tunayo, na mapera yamejaa mpaka kwenye korido. Ukipita pale unatoka unanukia kama bibi harusi. Vifuniko nimeagiza kutoka nje, vile vyenye kitufe katikati, na viko bandarini kwenye ghala lenu. Nimesafiri siku nzima kuvifuata nikaambiwa vimefeli. Nikauliza vimefeli nini. Karani wa dirishani akasema, "Mama, vinabonyea," akafunga dirisha.

Kwani mwenye gari akiambiwa gari lake limekataliwa kwa sababu magurudumu yanazunguka, anajibu nini? Kitufe kimewekwa pale ili kibonyee. Nina hakika kuna mtu amesoma kurasa vibaya. Wewe uko ndani, nenda kamwoneshe. Siombi unipitishe mlango wa nyuma. Naomba tu mtu mwenye akili avitazame vifuniko vyangu.

Wanawake wanaonimenyea mapera nimewaahidi kazi ya mwaka mzima. Kila nikipita wananitazama usoni kama wanaosoma tangazo. Sikai, sili vizuri, nazunguka tu kati ya jiko na geti.

Kigoda cha Mama kiko palepale mlangoni pa jiko la kiwanda. Hakuna anayekikalia.

Dada yako

*

13 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta mezani. Mke wangu aliisoma kwa sauti, akafika kwenye magurudumu akapaliwa na chai. Anakusalimu sana wifi yako.

Nitakueleza kama mambo yalivyo, usinikasirikie. Miaka michache iliyopita viliingia nchini vifuniko vibovu, vyepesi kama karatasi ya sigara. Vilishika kutu juu ya chakula, watu wakalazwa. Baada ya hapo ndipo ikatungwa kanuni ya vifuniko vinavyotoka nje, na mimi sioni aibu kuitetea. Kifungu cha tisa kinasema: "Kifuniko kinachobonyea kinapokandamizwa kwa dole gumba kitahesabiwa kuwa dhaifu, na shehena yake itakataliwa."

Vyako sikuvigusa, kwa kuwa ni vya dada yangu. Alivipima mwenzangu. Mimi nilisimama mlangoni. Alichukua kimoja akabonyeza, kikalia, akachukua kingine, nacho kikalia. Hakuna aliyesoma kurasa vibaya.

Ushauri wangu ni utumie vinavyotengenezwa hapahapa nchini. Ni vizito, vigumu, na vimepita vipimo vyote. Vina nembo yetu. Mnunuzi wako akiona nembo atatulia.

Jambo jingine sikutaka kulisema lakini wewe ni dada yangu. Mkuu wa kitengo anastaafu mwaka huu na jina langu linatajwa. Mwezi kama huu nikionekana nakunja kanuni kwa ajili ya ndugu, yameisha.

Sikatai kukusaidia. Ninalokataa ni kukupendelea. Natumaini unaiona tofauti.

Mdogo wako

*

21 Februari

Rula,

Tofauti naiona. Ni ileile ya tangu utotoni, ulipokuwa ukikunja shati lako kwa kufuata mistari huku nyumba inavuja.

Sasa nisikilize, na ukimaliza kusoma soma tena. Jamu inamiminwa ikiwa ya moto. Unafunga kifuniko papo hapo. Inapopoa, inavuta hewa ya ndani, na ule mvuto unakishusha kitufe chini, kinakaa huko. Chupa nzima ikiwa salama, kitufe hakisogei hata umpe bondia. Chupa ikiingiza hewa, kitufe kinapanda juu, na ukikigusa kinalia. Kwa hiyo mwenye duka ng'ambo anapitisha kidole juu ya rafu na anajua ipi nzima na ipi mbovu bila kufungua hata moja. Kifuniko kitupu lazima kibonyee, kwa sababu bado hakijafunga kitu! Mwenzako amepima ulinzi wa mlango ambao haujawekwa kwenye nyumba.

Nani aliandika kifungu hicho? Niandikie jina lake. Simtukani. Nataka nimwalike aje ashike mwiko siku moja tu, saa ile jamu inapoanza kuruka na kuunguza mikono. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nimewaandikia na Kamati ya Viwango. Nimesema aliyetunga kifungu cha tisa hajawahi kuingia jikoni isipokuwa kuuliza kama chakula kiko tayari. Najua utashika kichwa. Shika.

Lakini mapera hayangoji Kamati. Ya chini yameanza kulainika na inzi wameshapata habari. Jana nimenunua vifuniko vyenu vigumu vyenye nembo. Fundi Mvuke, yule mzee wa boila, alikigonga kimoja kwa ukucha, akasema kinafaa kufunikia majani ya chai. Nikamwambia kimepita vipimo vyote. Akasema hata yeye alipita vipimo vyote siku aliyooa.

Nilicheka, halafu nikaanza kuvihesabu.

Dada yako

*

27 Februari

(Haikutumwa)

Dada,

Ni mimi. Kifungu cha tisa nimekiandika mimi.

Mama alikuwa ametoka kufariki. Nilirudi kazini kabla ya wiki kuisha kwa sababu nyumbani sikuweza kukaa. Kikao kilikuwa kimekwama. Mashine ya kupimia vifuniko hatuna, na kila mtu alikuwa akitafuta kipimo ambacho mkaguzi wa bandari ndogo kabisa anaweza kukifanya kwa mkono. Nikamwona Mama kwenye kigoda, beseni la vifuniko vilivyooshwa mbele yake, anavibonyeza kwa dole gumba kimoja baada ya kingine. Kinachobonyea anakitupa pembeni. "Hiki kitatudanganya," alikuwa akisema. Nikalisema hilo kikaoni, bila kumtaja. Wakapiga meza kwa kukubali. Nikaliandika kwa mkono wangu.

Nilitaka kitu chake kimoja kibaki mahali ambapo hakiwezi kufutika. Nyumba tuliuza, nguo tuligawa. Kila nikifungua kanuni zile na kufika namba tisa, namwona amekaa.

Barua yako imefika kwenye Kamati na imesomwa kwa sauti. Walipofika pale pa kuuliza kama chakula kiko tayari, meza nzima ilicheka. Na mimi nilicheka nao. Tangu saa ile nina kifuniko chako kimoja mkononi, nakibonyeza na kukiachia chini ya meza, mwenzangu ameniomba mara mbili niache.

Unaniomba jina. Nikikupa

*

28 Februari

Dada,

Shikamoo. Kanuni huandikwa na kamati, si na mtu mmoja, kwa hiyo jina la kukupa sina. Malalamiko yako yamepokelewa na yatasikilizwa katika kikao cha tarehe tisa Juni. Nakuomba katika barua nyingine upunguze maneno ya jikoni, yanakupunguzia uzito.

Na nikukumbushe kitu kimoja. Mama mwenyewe hakutaka kifuniko kinachobonyea. Au umesahau?

Vifuniko vigumu vitakufaa. Vimepimwa.

Mdogo wako

*

30 Machi

Rula,

Mzigo umeondoka. Nimesimama getini mpaka lori likapotea, halafu nikaendelea kusimama.

Usimwingize Mama kwenye kanuni zenu. Wewe ulikuwa unakuja jikoni kulamba mwiko. Ukishalamba, tunakusikia uani na mpira. Mambo ya Mama na vifuniko niachie mimi niliyekuwa nafua vitambaa vyake.

Nilikuwa nimeapa sitakuandikia mpaka mzigo ufike, lakini siwezi kunyamaza na sina wa kumwambia. Hapa kiwandani lazima nitembee nimenyoosha shingo. Nimebakiza chupa chache stoo, za mzigo uleule. Kila asubuhi nakwenda kuziangalia. Nazigeuza, naziinua kwenye mwanga, nazitega sikio. Hazisemi kitu. Zile za kitufe ningepitisha kidole mara moja nikajua. Hizi zina nyuso ngumu tupu, zote sawa, nzima na mbovu. Nikifungua moja nione, hiyo imeshakuwa chakula cha jioni, na haijaniambia chochote kuhusu jirani yake.

Juzi nilifungua moja. Ilikuwa nzima. Nikafurahi mpaka saa ya chakula, halafu nikaanza kuwaza iliyokuwa kushoto kwake.

Wanawake wananiuliza kila siku kama meli imefika. Nawaambia bahari ni pana. Mmoja ameniambia hata moyo wangu ungekuwa na kitufe ingekuwa afadhali. Wamenizoea vibaya.

Msalimie wifi. Mwambie mume wake ana kichwa kigumu kama kifuniko chake.

Dada yako

*

19 Mei

Rula,

Wameukataa mzigo.

Kwenye chupa walizofungua, baadhi zina ukungu juu, mweupe, umeota kama sufi. Ule mpira wa ndani ya vifuniko vyenu ulikauka njiani ukaacha kushika. Si nyingi. Mnunuzi mwenyewe ameandika kwamba si nyingi, na kwamba zilizo nzima ni tamu kuliko alivyotarajia. Lakini anauliza atazitofautisha vipi bila kufungua zote. Anauliza kwa adabu kwa nini hatukutumia vifuniko tulivyokubaliana. Mzigo wote unateketezwa hukohuko, jamu nzima pamoja na mbovu.

Leo nimewaita uani. Nilikuwa nimetunga hotuba. Nikafungua mdomo, nikasema, "Nendeni nyumbani, nitawaita," na hotuba ikaishia hapo. Mmoja alirudi akaanza kuosha masufuria, yale masufuria safi. Sikumzuia.

Sasa nikuulize wewe unayependa vipimo. Jamu ile niliipika mimi. Mapera niliyachagua kwa mkono. Sukari nilipima mara mbili. Kitu kimoja tu kwenye chupa ile hakikuwa changu, nacho ndicho pekee kilichokuwa na nembo yenu. Nieleze kanuni hiyo ilimlinda nani.

Ulijua nimekuomba nini mwezi wa pili. Hukusema hapana, ulisema jina lako linatajwa. Basi na litajwe. Upate hicho kiti, kiwe na mto, ukikalie.

Tarehe tisa Juni nitakuwa mbele ya Kamati yenu na chupa moja ya ukungu, niliyoikuta stoo nilipozifungua zilizobaki. Usijifanye kunisaidia.

Dada yako

*

1 Juni

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya tarehe ishirini na saba Februari. Isome hiyo kwanza. Niliiacha katikati ya sentensi, na sasa nitaimalizia: nikikupa jina, utanichukia, kwa hiyo nilikudanganya, na ukanichukia vilevile, pamoja na hasara.

Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma nikiwa nimesimama, na tangu siku hiyo sikupata pa kukaa. Ofisini nilikuwa naanza kuandika jambo naacha. Nilibishana nawe kichwani mchana kutwa. Nilikuwa na hoja nzuri sana, zote zinaishia na Mama kwenye kigoda. Mke wangu akachoka. Akasema, "Wewe unabishana na jamu hujawahi kuipika. Ipike."

Nikaipika. Cheka. Vifuniko vyako vile vilivyopimwa vilikuwa kwenye droo vinasubiri kuharibiwa, nikachukua kimoja. Ndiyo, nilikiandikia hati. Nikanunua mapera. Sufuria ya kwanza iliungua, wifi yako alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni kama mtu aliyekata tiketi. Sufuria ya pili iliniunguza mkono huu ninaoandikia. Nikamimina, nikafunga, nikaiacha chupa mezani, nikaenda kukaa sebuleni na majalada yangu.

Mchana ule ukapita. Halafu nikasikia: tak.

Nikainua macho juu nikasema, bati linapoa. Mke wangu akaniuliza bati gani. Dada, tunakaa ghorofa ya kwanza kati ya nne. Juu yetu kuna zege na watu.

Unaikumbuka ile sauti? Jioni, mimi nikifanya hesabu za shule mezani, tak, baada ya muda tena, tak. Utoto wangu wote nilidhani ni bati la nyumba linapoa baada ya jua. Sikuwahi kuuliza. Ilikuwa sauti ya nyumbani tu, nilikuwa nalala nayo. Zilikuwa chupa zenu jikoni, zinajifunga.

Nikaenda mezani nikakibonyeza. Hakikubonyea. Kifuniko kilekile kilicholia mkononi mwa mwenzangu kilikuwa kigumu kama sakafu. Nikakaa chini, nikalia, na wifi yako kwa mara ya kwanza hakucheka.

Mama alikuwa anapima vifuniko vitupu, hilo nililiona kwa macho yangu. Vilikuwa vifuniko vya zamani, vimetumika mara nyingi, nadhani alikuwa anatoa vilivyochoka, vile vinavyobonyea na kubaki chini. Nikalichukua hilo nikawapa watu kuwa ndiyo kipimo chote. Lakini hakuishia hapo, siyo? Nilipokuwa nimetoka, alifanya nini? Niambie, Dada. Wewe ulikuwepo.

Usije na hasira yako mbele ya Kamati ukamtukana mtu usiyemjua. Njoo unitukane mimi. Nitasimama mbele yao kabla yako.

Mdogo wako

*

16 Juni

Dada,

Hukujibu, na hukuja. Siku moja kabla ya kikao niliitwa mapokezi, nikakuta kifurushi. Chupa ya ukungu, imefungwa ndani ya kitambaa cha jikoni cha Mama, kile cha miraba ya bluu. Hakuna hata neno moja. Nilikigeuza kitambaa pande zote nikitafuta. Mpaka sasa sijui kama ulikuwa unanilaani au unanifunika.

Nilivipeleka vyote kikaoni. Chupa yako nikaiweka mezani, na yangu kando yake, halafu kifuniko kitupu cha aina ileile katikati. Nikakipa kazi kidole cha mwenyekiti. Akabonyeza kitupu, kikalia. Akabonyeza cha kwenye chupa yangu, kikakataa. Akabonyeza kigumu chenye nembo yetu, nacho kikakataa, nikakifungua mbele yake akauona ukungu. Akavuta kiti nyuma.

Nikawaambia kifungu cha tisa nilikitoa jikoni kwa mama yangu. Mjumbe mmoja akaguna, akasema kumbe kanuni za nchi zinatungwa kwenye masufuria. Wengine wakacheka. Safari hii sikucheka nao. Nikasema, "Jiko halikukosea. Nilikosea mimi niliyetoka kabla halijamaliza." Nikasema pia kwamba mlalamikaji ni dada yangu, kwamba nilijua na nilinyamaza, na kwamba kuna watu wamekosa kazi kwa ajili ya ukimya huo.

Kiti ulichoniombea nikikalie amepewa mwenzangu, yule aliyevipima. Ni mtu mzuri. Amenisalimia kwa kuinamisha macho. Sitakudanganya kwamba haliniumi, linaniuma, lakini usiku nalala.

Kifungu kimebadilishwa. Walitaka kukifuta, nikaomba nikiandike upya, wakaniachia. Kinasema hivi: "Kifuniko kipimwe kikiwa kimefungwa juu ya chupa iliyojazwa chakula cha moto, baada ya kupoa kabisa. Kitakachobonyea hapo kikataliwe." Na mpira wa ndani nao una kifungu chake sasa, hata kwa vifuniko vya humu nchini. Vifuniko vyako vimeachiliwa, viko njiani.

Neno "baada ya kupoa kabisa" nililikisia, kwa ile chupa yangu moja. Kama nimekosea tena, niambie mapema.

Kitambaa ninacho. Nimekifua kwa mkono.

Mdogo wako

*

2 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Chukua hii, na zile zote nilizokunyima tangu mwezi wa sita.

Nilinyamaza kwa sababu kila nikianza kuandika, sentensi inakuwa kofi. Nikaona nitume chupa, yenyewe inajua kusema. Kitambaa sikukiwekea maana yoyote. Nilikuwa natafuta kitu laini isivunjike, mkono ukakishika hicho. Nilipokwisha kuituma ndipo nikajua nimetuma nini, nikakaa chini mlangoni.

Bado nina hasira. Siyo ile ya kuchemka, ni ya kufunikwa, naipunguzia moto polepole. Ungeniambia mwezi wa pili ningekutukana siku mbili, siku ya tatu tungekuwa tumeshapika chupa kumi na kuwapelekea wakubwa zako wazibonyeze wenyewe. Ndicho kinachoniuma, kuliko hata kifungu. Kifungu nakielewa. Ningekuwa mimi na kalamu ile wiki ile, huenda ningeandika hata namna alivyokuwa akifunga kitambaa kichwani.

Yule mnunuzi hakurudi. Ameshapata jamu kwingine, ameandika barua ya heshima. Amejitokeza mwingine, mdogo, anataka mzigo wa kujaribu tu. Nimewaita nusu ya wanawake. Yule wa masufuria amekuja wa kwanza, na wale ambao sikuwaita nakutana nao sokoni, tunaulizana habari za watoto, basi. Fundi Mvuke amesoma kifungu chako kipya kwa sauti mbele ya boila, mara mbili. Akasema huyu sasa amewahi kupika.

Uliniuliza Mama alifanya nini ulipotoka. Jioni alizipanga chupa dirishani, hakuruhusu mtu aziguse. Asubuhi, wewe ukiwa umeshaenda shule, alikaa tena kwenye kigoda, akazibonyeza zote, upya, moja moja, na mimi nikipanguza nyuma yake. Baada ya kupoa kabisa. Hukukosea.

Na zilizobonyea hatukuzitupa, kwani ilikuwa bado siku moja tu, hazijaharibika. Hizo ndizo tulizokuwa tukila sisi wenyewe, siku hiyohiyo, kwa mkate. Nzima alizipeleka sokoni. Ukirudi shule unakuta chupa imefunguliwa mezani, unaruka kwa furaha, unasema Mama leo katupendelea. Alikuwa ananikonyeza nisiseme. Rula, umelelewa kwa chupa zilizofeli, na hukuwahi kulalamika.

Jumamosi tunajaza chupa za kwanza kwa vifuniko vyangu. Njoo na wifi, na urudishe kitambaa. Mwiko wa kulamba nitakuwekea. Lakini usitoke ukishalamba. Kigoda nimekipanguza, kaa hapo nyuma ya mlango usikilize zinavyojifunga, kisha ulale hapahapa. Asubuhi tuzibonyeze pamoja.

Dada yako